Walichonga Koma Yangu Nikiwa Hai

Kijiti changu kina urefu wa kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Nimekipima kwa mkono wangu mwenyewe. Kimechongwa kwa mti mgumu usioliwa na mchwa, na shingoni kimefungwa vitambaa vitatu, cheupe, chekundu na cheusi, ingawa jua limevifanya vyote kuwa rangi moja ya vumbi.

Wagiriama, mtu wao akifa kisha akaanza kuwasumbua ndotoni, humchongea kijiti kama hicho, wakampandia karibu na nyumba, wakamvika kitambaa na kumwagia tembo la mnazi na unga. Kinaitwa koma. Kikishapandwa haking'olewi, hata na mvua, hata na padri. Mimi nimechongewa koma. Imesimama kule upande wa Marafa zaidi ya miaka arobaini, na kila mavuno ikalishwa. Na mimi ndiye huyu ninayeandika.

Jina nililolelewa nalo ni Mwanaidi. Nililelewa Mambrui na Bi Mwanatumu, ambaye hakuna harusi ya kule iliyofanyika bila beti zake. Alikuwa akitunga huku akikuna nazi, na mimi nikiwa nimekaa mbele yake nachambua mchele. Hakuandika. Alisema ubeti mara moja, akauliza, "Umeushika?" Nikiwa nimeushika aliendelea, nikiwa sikuushika alinirushia kifuu. Nilishika mengi.

Niliambiwa mapema kwamba sikuzaliwa mle. Hakuna aliyeficha. Nililetwa jioni ya kuamkia Idi, ndipo nikaitwa Mwanaidi, na hapo habari ilikuwa imekwisha. Nikiuliza zaidi, Bi Mwanatumu alisema, "Uliletwa na mtu aliyekupenda. Kaoshe vyombo." Miaka mitano baada yangu alimzaa Aboud, mwanawe wa pekee. Aboud alipelekwa shule, akafika hadi chuo cha ualimu. Mimi nilipelekwa madrasa miaka miwili, kisha jiko likanihitaji. Simlaumu Bi Mwanatumu kwa kila kitu, lakini hilo namlaumu. Aboud nilimbeba mgongoni, nikampikia uji, nikamngoja nje ya shule na mwavuli. Na yeye ndiye aliyekuja kuniambia mimi ni nani.

Sandukuni mwa Bi Mwanatumu mlikuwa na leso moja kuukuu. Pembe yake moja ilikuwa imefungwa fundo, na ndani ya fundo mlikuwa na kitu kama chembe za mchanga. Nikiwa msichana nilijaribu kulifungua, nikapigwa kofi ambalo silisahau. Lile fundo lilinikaa kichwani. Nikiwa na miaka kumi na sita, siku ya kumpamba bi harusi mmoja wa mtaa wetu, Bi Mwanatumu alipaliwa na kikohozi katikati ya beti, wanawake wakamtazama, na mimi nikajikuta nimefungua kinywa:

*Jina litie lesoni,*
*ulifunge fundo ndani,*
*ukifika ugenini*
*usikubali la pili.*

Wanawake walipiga vigelegele. Bi Mwanatumu hakupiga. Usiku ule wote hakusema nami, na asubuhi aliniuliza, "Huo umeutoa wapi?" Nikasema sijui. Tangu hapo tulitunga pamoja, nusu zake, nusu zangu, na alipozeeka zikawa zangu zote na sauti yake. Watu walisema beti za Bi Mwanatumu. Sikuona ubaya. Nilidhani nyumba ni moja.

Niliolewa miaka minne, nikarudishwa kwa kukosa mtoto, nikaendelea kuchambua mchele palepale.

Bi Mwanatumu alipougua maradhi yake ya mwisho, Aboud alikuja na simu, akaiweka kwenye mkeka kati yetu. "Imba, dada, nihifadhi maneno ya mama yasipotee." Niliimba siku tano. Niliimba yake na yangu, nikamwambia lipi ni la nani, naye akaitikia kwa kichwa. Siku mbili kabla ya kufa, Bi Mwanatumu aliniita, akanitolea ile leso ya sandukuni. Alisema kwa shida, "Mamako ni Sidi, mke wa Nyale, upande wa Marafa. Alikuwa akiniletea makuti. Usilifungue fundo mpaka umwone. Nisamehe, nilikutaka uwe wangu." Nililia, lakini leso niliiweka chini ya godoro. Sikutaka mama mwingine. Nilikuwa na wangu, na alikuwa anakufa.

Mwaka mmoja baadaye kitabu kilitoka. Kulikuwa na sherehe katika ukumbi mmoja Malindi, wageni wamevaa kanzu na suti. Mimi nilipika biriani. Nilikuwa mlangoni mwa jikoni na mwiko mkononi niliposikia kipaza sauti kikisoma ubeti wa leso, ubeti wangu, kisha msomaji akasema, "Haya ni maneno ya marehemu Bi Mwanatumu, yaliyohifadhiwa na mwanawe, Mwalimu Aboud." Watu wakapiga makofi. Biriani iliungua chini. Walikula hivyo hivyo.

Wageni walipoondoka nilimfuata Aboud.

"Aboud, ule wa leso ni wangu."

"Dada, ni wa mama. Kila mtu aujua ni wa mama."

"Weye wajua. Nilikwambia kwa mdomo wangu, na kile kisimu chako kilisikia."

Alinichukua pembeni kwa adabu, kama mtu anayemwondoa mlevi msikitini. "Sikiliza. Mashairi ni ya nyumba, na nyumba ina nasaba. Mie ni mwana, weye ulilelewa. Thawabu ya kukulea ni yake, lakini kulea hakuzai nasaba. Hata hivi tunavyozungumza, mie si maharimu wako. Yatakiwa ujifunike ukija mbele yangu."

"Nijifunike? Mie niliyekutawaza?"

"Hayo ni ya utotoni, dada."

"Basi usiniite dada. Kama hakuna nasaba, hakuna dada."

Alirekebisha kofia yake. Wiki ile nilihama, nikapanga chumba Malindi, nikaanza kukaanga mahamri asubuhi. Mteja wangu mmoja alikuwa Moraa, mwalimu kutoka bara, anayefundisha watu wazima kusoma. Alinisikia nikigombana na mtu kwa maneno ya mizani, akacheka mpaka chai ikamwagika. "Mama, kwa nini huyaandiki?" Nikamwambia sijui kuandika. "Basi njoo gumbaru," akasema. "Huko hatuulizi umri wala baba yako ni nani." Hilo la mwisho ndilo lililonipeleka. Herufi za Kiarabu nilikuwa nazijua tangu madrasa. Hizi nyingine nilizimeza kwa mwaka mmoja, nikiwa na hasira. Hasira ni mwalimu mzuri kuliko Moraa, na Moraa ni mzuri sana.

Lakini kabla sijajua kusoma kitu, mwezi uleule wa sherehe ya ukumbini, nilichukua leso chini ya godoro, nikaenda Marafa. Nataka ieleweke nilikwenda kutafuta nini. Sikutaka shamba, wala kulishwa. Nilitaka mwanamke mmoja asimame mbele ya watu aseme, "Huyu nilimzaa mimi." Ni maneno matatu. Aboud alinifundisha kwamba mtu asiye na maneno hayo anaweza kuporwa hata sauti yake.

Nilielekezwa hadi kwenye boma lenye nyumba ya mabati na mbili za udongo. Mwanamke wa rika langu alikuwa anapepeta mahindi uani, shingoni kavaa rozari.

"Hodi."

"Karibu. Lakini kama ni leso unauza, leo utarudi nazo."

"Siuzi. Namtafuta Mama Sidi."

"Hawe Sidi? Yuko nyuma, anatukanana na kuku. Mimi ni Charity, mke wa mwanawe Mwaringa. Tukusaidie nini?"

"Natoka Mambrui. Nimeleta habari ya msiba wa mtu aliyemfahamu."

Alitokea bibi kizee mdogo, mvi tupu, na fimbo ya kufukuzia kuku. Huku "hawe" ni bibi, na ndivyo kila mtu alivyomwita. Nikamwamkia, "Shikamoo." Akaitikia bila kunitazama.

"Natoka kwa Bi Mwanatumu," nikasema. "Yule wa makuti. Amefariki."

Fimbo ilisimama hewani. "Amefariki. Na... wale wa nyumba yake?"

"Wako. Wote wako hai."

Aliishusha fimbo. Kisha akasema kwa sauti kubwa, "Charity! Mgeni hajapewa maji!" Charity alipoingia ndani, kizee alinisogelea mpaka nikasikia harufu ya tumbako. Akanong'ona, "Cheka."

"Nini?"

"Cheka, nione."

Sikucheka, niliyafunua tu meno. Aliyatazama ya juu, moja moja, kama mtu anayekagua punje za mbegu. Kisha nikamwonyesha pembe ya leso yenye fundo. Akaishika, akaiachia haraka kama imemchoma, na Charity akatokea na kikombe.

Siku ile ilikuwa ya mavuno, na Mwaringa alirudi mapema kutoka shambani kulisha koma. Mwaringa ni mtu mpole, shemasi wa kanisa lao, ana sauti ya chini. Alinikaribisha kama mgeni wa mamake. Alipoona natazama vile vijiti pembeni mwa boma alitabasamu kwa aibu kidogo.

"Usituone washenzi, mama. Kanisani naenda. Lakini hawa ni wetu, hawawezi kulala njaa wakati sisi tunakula. Huyu mrefu ni baba yetu, Nyale. Hawa wawili ni ndugu zangu. Mmoja alichukuliwa na mto, mmoja nyoka."

"Na yule mdogo wa mwisho?"

"Yule ni dadangu Kabibi. Alikufa ana miezi minane."

"Alikufa kwa nini?"

Akakuna kidevu. "Sisi watoto tuliambiwa homa. Nilipokuwa mkubwa nikaambiwa ukweli. Aliota meno ya juu kwanza."

Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa zaidi. Mtoto anayetanguliza meno ya juu huitwa kigego. Zamani ilisemwa akikua kila jino likichomoza linamla mtu wa nyumbani, kwa hiyo hakuachwa akue. Siku hizi watu hucheka habari hizo, lakini humpeleka mtoto kwa siri akafanyiwe dawa.

"Nyanya yetu aliyaona hayo meno," Mwaringa alisema. "Baba alikuwa kule Kikambala, kibarua wa bustani hotelini. Nyanya akamwambia mama ampeleke mtoni. Mama akaenda na mtoto mgongoni, akarudi siku ya pili bila mtoto. Mwaka haukuisha nyanya akaanza kuamka anapiga kelele, asema mtoto amemkalia kifuani. Mganga akasema anataka nyumba. Ndipo tukamchongea hiyo. Mimi nilikuwa na miaka saba. Unga wa kwanza niliumwaga mimi."

Alisema hayo huku akichota unga kwa kiganja, na mimi nimesimama naye bega kwa bega, niliye hai, na buibui langu limeingia miiba ya shamba lao. Kigiriama nakisikia, maana sokoni nauza na kununua nacho. Kwa hiyo nilipomwona mama yangu anapiga magoti mbele ya koma yangu na kuanza kuimba, nilielewa kila neno. Alikuwa na sauti kavu, lakini kila mstari ulikaa mahali pake.

Alisema, Kabibi, kula ushibe. Kabibi, vaa usione baridi. Waliokuchukua wakutazame usoni. Ukiolewa, akupende. Ukizaa, wasikupokonye.

Waliosimama pale waliitikia. Walisikia maombolezo. Lakini mimi nilirushiwa vifuu miaka mingi ili nijue ubeti unamsemesha nani, na nikajua. Hakuna anayemwombea maiti mume. Yule kizee alikuwa akimwimbia mtu aliye hai, mbele ya watu wote, kila mavuno, na hakuna aliyemsikia. Bi Mwanatumu alinifundisha kazi ya beti, lakini pale ndipo nilipoona kazi imetoka wapi. Ningefurahi, kama nisingekuwa na uchungu. Maombi yenyewe hayakufika hata nusu. Aliyenioa hakunipenda, na kuzaa sikuzaa.

Tulipobaki wawili nyuma ya jiko nilimwambia, "Sema."

"Niseme nini?"

"Waite watu. Sema huyu nilimzaa mimi, sikumtia mtoni. Sitaki kingine."

Alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Alikuwa mdogo kiasi kwamba miguu haikugusa chini. "Unamjua Kenga wa pale bondeni?"

"Simjui mtu huku."

"Hutamjua tena. Alikuwa mzee kama mimi, mvi kama zangu. Mwaka jana watoto wa nduguye walimkata kwa panga shambani, wakasema ni mchawi. Alikuwa na kosa gani? Alikuwa na shamba na macho mekundu." Alitema tumbako. "Sasa mimi nina kosa kweli. Nilificha kigego. Nikawaacha wakachonga koma ya mtu anayepumua. Unajua hilo linaitwaje? Mume wangu alikufa. Wanangu wawili walikufa. Mtoto wa Charity alikufa. Vijana wa ukoo huu watahesabu maiti wote hao, wamtafute aliyewaua, na mimi nitakuwa nimejitaja kwa mdomo wangu. Mwaringa hatanigusa. Lakini Mwaringa halali mlangoni pangu."

"Kwa nini hukusema zamani, kabla hawajachonga?"

"Nyanya yako angekufuata Mambrui na kukumaliza."

"Basi miaka yote hiyo. Mambrui si mbali. Hukuja hata siku moja."

"Nilikuja." Hakunitazama. "Makuti nilileta miaka sita. Siku moja uliniletea maji ya kunywa, ukaniita mama. Sikurudi tena. Ningekuchukua."

Nilijaribu kukumbuka mwanamke wa makuti. Walikuja wengi. Niliwapa wote maji na niliwaita wote mama, ndivyo tulivyofunzwa.

"Nipe mpaka nife," akasema. "Nikishazikwa, fanya upendalo."

"Nimengoja miaka arobaini na sita."

"Basi ngoja na kidogo, mwanangu."

Aliniambia "mwanangu" kwa kunong'ona, nyuma ya jiko, mbele ya kuku. Nilikuwa nimekuja kuchukua neno hilo mbele ya watu. Nikampa alichotaka. Sisemi nilimpa kwa moyo mweupe. Njia nzima ya kurudi Malindi nilikuwa nikimtukana kimoyomoyo, yeye na mwenzake wa Mambrui, walionigawana kama kitoweo, kila mmoja akaficha kipande chake.

Nilikwenda kumwona kila mwezi, miaka miwili. Waliniita mgeni wa Mambrui. Charity akawa ananiwekea kiti kisichotingika. Nikawa nachambua mahindi na mama yangu na kumsemea beti, naye ananirekebisha. "Hapo umejaza maneno. Umeogopa nini?" Ule wa leso nilipomsemea, aliweka ungo chini. Kisha akaniambia kilichomo ndani ya fundo: udongo wa kizingiti cha nyumba yake. Aliuchota alfajiri ile aliyonibeba, ili mahali popote nitakapokuwa niwe nimekanyaga kwetu. Nikamwambia kuna mtu ameuchapisha ubeti huo kuwa wa mamake. Akauliza, "Huyo mtu anajua kilichomo kwenye fundo?" Nikasema hajui. "Basi ameiba sanduku bila nguo." Tulicheka. Hizo ndizo siku tulizocheka, nazo si nyingi.

Mara moja, Charity alinishika mkono nikiondoka. "Mgeni, unafanana na watu wa humu."

"Watu wa pwani tunafanana."

"Hapana," akasema, "kuna namna unavyoshika ungo." Kisha akaniachia, wala hakulitaja tena.

Hawe Sidi alikufa mwezi uliopita, wa homa ya mapafu, kitandani mwake. Hakuguswa na panga la mtu. Hilo nalisema kwanza kwa sababu ndilo nililolipia.

Nilifika asubuhi ya mazishi. Katika ukoo ule kuna desturi: mama akizikwa, mwimbaji mmoja wa kike husimama kaburini na kuwaita watoto wake wote kwa majina, kuanzia mkubwa. Aliye hai huitikia, "Niko," akamwaga kiganja cha udongo. Aliyekufa, wanawake hupiga kofi moja kwa niaba yake, na mwimbaji huendelea. Nilikuwa nimekaa nyuma kabisa, kwenye mkeka wa wageni, pamoja na watu wa kanisa.

Mwimbaji akaita Mwaringa. Mwaringa akasema niko, akamwaga udongo. Akaitwa yule wa mtoni, wanawake wakapiga kofi. Akaitwa Kabibi. Mikono ilikwisha inuliwa.

"Niko," nikasema.

Kofi halikupigwa. Lilisikika moja tu, la mtoto mmoja wa kike, aliyechelewa kusimamisha mikono. Watu wakageuka. Nilisimama, nikapita katikati yao, nikamkanyaga mtu na sikumwomba radhi. Kaburini nililifungua fundo. Lilikuwa limekauka kwa miaka, ikabidi nitumie meno. Meno ya juu. Ule udongo haukujaza hata kijiko. Niliumwaga juu ya mama yangu, nikausema ubeti wangu kwa Kigiriama, jinsi tulivyougeuza pamoja juu ya ungo, ili wajue hauwezi kutoka kwa mtu mwingine.

Yule mwimbaji mzee alinitazama usoni. Alikuwa rika la mama yangu, na nadhani alijua kitu. Akaita jina lililofuata.

Mambo yalipotulia, Mwaringa alinikuta karibu na vile vijiti. Charity alikuwa nyuma yake, analia, sijui kwa ajili ya nani. Vijana wa ukoo walisimama mbali kidogo wakinong'ona.

"Wewe ni nani?" Mwaringa akauliza, ingawa alikuwa amekwisha jua. Alikuwa ananitazama mdomo.

"Nimekwambia kaburini."

"Kabibi alikufa. Nilimlilia mimi. Nimemlisha kwa mkono wangu miaka yote."

"Ulikuwa unalisha mti, kaka. Mimi nilikuwa Mambrui napika."

Neno "kaka" lilimpiga. Alikaa chini juu ya jiwe. Baadaye alisema, polepole, kama mtu anayesoma tangazo asilolipenda, "Ukiwa hai, basi mama alituongopea. Na waliokufa humu nyumbani watatafutiwa sababu. Hao vijana unaowaona watasema alikuwa hivi, alikuwa vile. Watataka hata kaburi lake lihamishwe. Siwezi. Hutakosa chakula kwangu, ukija utakaribishwa. Lakini ile koma siwezi kuing'oa. Ikishapandwa haing'olewi. Kwa watu, Kabibi alikufa."

"Na mimi ni nani, kwa watu?"

"Mgeni wa Mambrui."

Kule Mambrui niliambiwa mimi si wao kwa sababu sina nasaba. Pale Marafa nasaba ninayo, imesimama mbele yangu, imefungwa vitambaa, na ndiyo inayonikataza kuwa hai. Nilitazama kaburi jipya. Nilikuwa nimengoja maneno matatu na aliyekuwa nayo ameondoka nayo. Lakini jina lilikuwa limeitwa mbele ya watu na nilikuwa nimeitikia, na masikio ya watu hayafungwi fundo. Hilo Mwaringa hawezi kuling'oa pia.

Nikajifunga leso yangu, ile yenye pembe iliyokunjamana mahali fundo lilipokuwa. Hasira haikuwa imeniisha, wala leo haijaniisha. Nikamwambia, "Haya, kaka, ibakie. Lakini mnanilisha na kuniacha uchi. Hivyo vitambaa vimechakaa. Mavuno yajayo nibadilishieni, na chekundu kiwe chekundu kweli."